Viti vya Masisi Vyawangoja Wenyewe

Tarehe 20 Desemba 2023 watu wa Walikale walipiga kura. Jirani zao wa Masisi hawakupiga. Ndugu wasomaji, nchi hizi mbili za Kivu ya Kaskazini zapakana kama shamba na shamba. Njia itokayo Goma yapita Sake, yapanda milima ya Masisi yenye majani mabichi na ng'ombe wa maziwa, halafu yateremka mpaka katika misitu mikubwa ya Walikale. Watu wa pande hizi mbili wameoana, wamesimamiana ubatizo wa watoto, wameuziana chumvi na maharagwe katika masoko yaleyale. Lakini siku ile mtu wa Walikale alimchagua Rais wa nchi, akamchagua mjumbe wa Bunge la Taifa, akamchagua na mjumbe wa Bunge la Jimbo. Shemeji yake wa Masisi hakumchagua hata mmoja.

Hali ilikuwa vivyo hivyo Rutshuru, na mbali sana upande wa magharibi, huko Kwamouth katika jimbo la Mai-Ndombe. Teritwari tatu katika nchi nzima. Bunge la Taifa lina viti 500, na lilipoanza kazi mwaka 2024 halikuwa na mjumbe hata mmoja aliyeingia kwa kura mpya za Masisi. Mpaka mwisho wa mwaka 2025 uchaguzi wa kujaza viti vile ulikuwa haujafanyika. Leo twapenda kulieleza jambo hili polepole, kwa kuwa watu wengi hulitaja barazani bila kulielewa, na kwa kuwa vijana wa shule ndio watakaolirithi.

Kwanza tuseme jinsi kiti kinavyobaki wazi katika nchi zenye amani. Mjumbe aweza kufa, aweza kujiuzulu, aweza kuondolewa na mahakama. Huko Kenya, Katiba ya mwaka 2010 yamtaka Spika aiarifu Tume ya Uchaguzi katika muda wa siku 21, na Tume iwaite watu kupiga kura katika siku 90. Hivyo Ken Okoth, mjumbe wa Kibra katika mji wa Nairobi, alipofariki mwezi wa Julai 2019, watu wa Kibra walirudi vituoni tarehe 7 Novemba mwaka uleule, nao wakamchagua ndugu yake Imran. Huko Tanzania, mjumbe wa Arumeru Mashariki, Jeremia Sumari, alifariki mwezi wa Januari 2012. Tarehe 1 Aprili watu wakapiga kura, na kiti kikaenda kwa kijana wa chama cha upinzani, Joshua Nassari. Wenzetu wa huko huuita uchaguzi mdogo, ijapokuwa mara nyingine huleta kelele kuliko ule mkubwa.

Kongo haifuati njia hiyo. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2006 yamtaka kila mgombea aandikishe pamoja naye watu wawili wa kushika nafasi yake, nasi hapa tutawaita wabadala. Mjumbe akifa au akijiuzulu, mbadala wa kwanza huingia Bungeni pasipo mtu yeyote kuitwa kupiga kura. Wabadala wakiisha ndipo wananchi waitwapo tena. Mjumbe akifanywa waziri, mbadala hukaa kitini kwa muda. Na tangu Katiba ilipobadilishwa mwezi wa Januari 2011, waziri akipoteza uwaziri wake aweza kurudi na kukidai kiti chake. Mpango huu una faida: nchi ni kubwa, barabara ni mbaya, na uchaguzi hugharimu fedha nyingi. Lakini tusifiche neno. Wajumbe wengi wamewaandika wake zao, watoto wao au ndugu zao kuwa wabadala, na watu wamenung'unika, wakisema kiti cha taifa kimekuwa kama urithi wa nyumba. Twaona manung'uniko hayo yana haki. Mpiga kura aliyesoma jina la kwanza tu katika orodha hakujua kwamba alikuwa akichagua ukoo mzima.

Basi mtu wa Kongo ayasikiapo maneno "kiti kiko wazi" huuliza mara moja, "Mbadala wake ni nani?" Kwa Masisi swali hilo halina jibu. Hakuna mjumbe aliyekufa, wala aliyejiuzulu. Hapakuwa na mgombea aliyechaguliwa mwaka 2023, na pasipo mchaguliwa hapana mbadala. Wako waliosema kwamba wajumbe wa mwaka 2018 waendelee kushika nafasi zao mpaka wapatikane wengine. Hatutaki kuingia katika ubishi wa wanasheria. Twasema hili tu: haki ya mjumbe wa namna hiyo yatoka katika kura za tarehe 30 Desemba 2018. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 siku ile alitimiza miaka 18 mwaka 2023, umri ambao Katiba yampa haki ya kuchagua. Mwenzake wa Walikale alikipata chumba cha kura. Yeye hakukipata, na neno lake halimo katika kura zile za zamani.

*

Ilikuwaje hata Masisi ikaachwa? Watu hudhani kwamba siku ya uchaguzi vita vilizuia masanduku kufika. Sivyo. Masisi ilikuwa imekwisha kutoka katika uchaguzi ule miezi mingi kabla, kwa sababu ya daftari.

Uchaguzi huanza siku mtu anapoandikwa jina. Tume ya Uchaguzi, iitwayo CENI, iliigawa nchi katika sehemu tatu, ikawaandika watu sehemu baada ya sehemu. Zamu ya Kivu ya Kaskazini ilianza tarehe 16 Februari 2023. Majuma matatu tu kabla ya siku hiyo, katika siku za mwisho za Januari, wapiganaji wa M23 walikuwa wameingia Kitshanga, mji wa soko ulioko upande wa kaskazini wa Masisi. Kundi hili lilikuwa limeanza tena vita mwishoni mwa mwaka 2021. Mwezi wa Juni 2022 liliteka Bunagana mpakani mwa Uganda, na mwezi wa Oktoba likateka Rutshuru na Kiwanja. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kwamba Rwanda ililisaidia, Rwanda imekana. Watu wa Kitshanga na wa vijiji vya kando walikimbia na magodoro kichwani. Wengine walifika Sake, wengine Goma, wengine walishika njia ya msituni kuelekea Walikale. Waandikishaji wangemwandika nani?

Mwisho wa kazi, nchi nzima ilikuwa imeandika wapiga kura karibu milioni 44. Masisi, Rutshuru na Kwamouth hazikumaliza kazi hiyo kama wengine, nazo zikawekwa kando. Kwamouth haikuwa na M23. Huko ni ugomvi wa Wateke na Wayaka juu ya ardhi na ushuru wa mashamba, uliozaa kundi la wapiganaji waitwao Mobondo.

Yafaa tueleze pia kwa nini kadi ile ndogo ina uzito mkubwa hata kwa mtu asiyejali siasa. Tangu mwaka 2005 na kwa miaka mingi iliyofuata, kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha raia wa Kongo. Askari wa kizuizi huitaka. Mwenye duka la simu huitaka. Mama apelekewaye fedha kidogo na mwanawe aliye mbali huulizwa kadi kabla ya kuzipokea. Kwa hiyo mtu ambaye hakuandikwa alipoteza kura, na pamoja na kura alipoteza karatasi imtambulishayo kwamba yeye ni nani. Mkimbizi katika kambi ana haja ya karatasi hiyo kuliko mtu akaaye kwake.

Wengine watauliza: Je, mtu wa Masisi hakuweza kujiandikisha mahali alipokimbilia? Hapa ndipo penye fundo. Kadi humfunga mtu na kituo alichoandikwa. Mtu wa Katoyi akiandikwa Walikale, basi kwa kura ya wajumbe yeye ni mtu wa Walikale. Atamchagulia Walikale mjumbe, na Masisi itabaki pungufu. Tena idadi ya viti hutolewa kwa hesabu ya walioandikwa, si kwa ukubwa wa nchi. Walikale ina kilomita za mraba 23,475, karibu mara tano ya Masisi yenye 4,734. Walakini Masisi ndiyo yenye wapiga kura wengi zaidi, kwa kuwa milima yake imejaa watu, na Walikale sehemu kubwa ni miti. Kumwandika mtu mbali na kwake ni kuhamisha uzito kutoka kapu moja kwenda jingine.

*

Tusidhani kwamba Masisi ni ya kwanza kungoja. Mwaka 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, Tume ilitangaza kwamba Beni na Butembo hapa Kivu ya Kaskazini, pamoja na Yumbi huko Mai-Ndombe, hazitapiga kura siku moja na wengine. Sababu iliyotolewa kwa Beni na Butembo ilikuwa ugonjwa wa Ebola na hatari ya makundi yenye silaha. Watu zaidi ya milioni moja waliachwa nje. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019, nao wakaitwa kupiga kura tarehe 31 Machi, kuchagua wajumbe tu, kwa kuwa kiti cha Rais kilikuwa kimekwisha kukaliwa. Wenyeji wa Beni hawakunyamaza. Siku ile ya tarehe 30 Desemba walitengeneza vituo vyao wenyewe, wakapanga mistari, wakanawa mikono kwa maji ya dawa, wakatumbukiza karatasi. Kura zile hazikuhesabiwa na serikali, nao walijua hazitahesabiwa. Walitaka ionekane kwamba mtu awezaye kwenda sokoni na kanisani aweza pia kwenda kwenye sanduku la kura.

Beni walingoja miezi mitatu. Masimanimba katika jimbo la Kwilu na Yakoma katika Ubangi ya Kaskazini walingoja karibu mwaka mzima. Huko watu walipiga kura mwaka 2023, lakini udanganyifu ulizidi kiasi. Tarehe 5 Januari 2024 Tume ikaufuta uchaguzi wote wa mahali hapo pawili, ikawafuta na wagombea wengi wa sehemu nyingine za nchi. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 15 Desemba 2024. Fikirini: daftari lilikuwapo, watu walikuwa majumbani mwao, hapakuwa na mizinga. Hata hivyo ilichukua miezi kumi na moja.

Na Masisi yenyewe imewahi kuonja. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2011, Tume iliomba Mahakama Kuu ifute kura za wajumbe katika sehemu saba za nchi, kwa sababu ya fujo na udanganyifu. Masisi ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo mzee wa Masisi aliyepata kuandikwa mwaka 2005, ameona katika maisha yake uchaguzi uliofanyika, uchaguzi ulioingia matatani, uchaguzi mwingine uliofanyika, na uchaguzi ambao haukumfikia kamwe.

*

Sasa twafika kwenye jambo ambalo wengine hulinong'ona. Daftari la wapiga kura, mahali pengine ni karatasi tu. Huko Masisi ni swali la kale: nani ni mwenyeji?

Masisi ina milki mbili za Bami, yaani Bahunde na Bashali, na sekta mbili, Katoyi na Osso-Banyungu. Wahunde wako tangu zamani. Kuanzia mwaka 1937 mpaka katikati ya miaka ya 1950, serikali ya Wabelgiji iliwaleta watu wengi sana kutoka Rwanda, ikawakalisha kwanza Gishari na halafu mahali pengine pa Masisi, ili kupunguza msongamano wa watu na njaa huko walikotoka, na kupata wafanyakazi wa mashamba. Watoto wao na wajukuu wao wamezaliwa hapa. Kisha sheria zikaja na kugeuka kama upepo. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia waliokuwako Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikauondoa, ikataka mtu aonyeshe kwamba wazee wake walikuwako mwaka 1885. Nani awezaye kuonyesha hati ya mwaka 1885? Sheria ya Novemba 2004 ikatazama makabila yaliyokuwako katika nchi wakati wa uhuru, mwaka 1960. Mtu mmoja, bila kuhama nyumba yake, amekuwa raia, akawa mgeni, akawa raia tena.

Wakati wa kuandikwa au kuhesabiwa watu ulipokaribia, mioyo iliwaka. Tarehe 20 Machi 1993 watu waliuawa katika soko la Ntoto, huko Walikale. Baada ya siku chache moto ulikuwa umevuka mpaka na kuingia Masisi, na maelfu walikufa, wa lugha hii na wa lugha ile. Ardhi ilikuwa sababu, na mamlaka ya Bami ilikuwa sababu. Lakini nchi ilikuwa imetoka katika Mkutano Mkuu wa Taifa ikitazamia uchaguzi, na kila mtu alijua kwamba atakayehesabiwa kuwa raia ndiye atakayechagua, na atakayechagua ndiye atakayetawala. Wasomaji wetu wazee wa Walikale na Masisi hawana haja ya kukumbushwa. Twawaandikia vijana, ambao hawakuwapo.

Ndiyo maana twaona kazi ngumu ya uchaguzi wa Masisi haiko katika siku ya kura. Mashine za kupigia kura zaweza kupandishwa na helikopta. Shida ni ile meza ya mwandikishaji, na watu watakaosimama mbele yake. Mtu asiye na karatasi huhitaji mashahidi, walio wenyeji wa mahali pale na ambao wamekwisha kuandikwa katika kituo kilekile. Kijiji kilichokaa pamoja hupata mashahidi kabla ya jua kupanda. Lakini kijiji kilichotawanyika, nusu Walikale, nusu Goma, wengine Uganda, wengine wamekufa njiani, kitapata wapi mashahidi? Na mgeni aliyeingia juzi kwa nguvu ya bunduki akija na mashahidi wake kumi, nani atamwambia kwamba yeye si wa pale? Uchaguzi ukifanywa kabla watu hawajarudi, utatoa mjumbe wa waliobaki. Kisheria ataitwa mjumbe wa Masisi.

Na mwaka 2025 mambo yaliharibika zaidi. Tarehe 4 Januari M23 waliingia mji wa Masisi wenyewe, makao ya teritwari. Mwisho wa mwezi uleule Goma ikaanguka, na mwezi wa Februari kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji, kama Bulengo na Kanyaruchinya, zikavunjwa. Watu wakaambiwa warudi makwao, wengine wakakuta nyumba zimechomwa na mashamba yamelimwa na mtu mwingine. Tarehe 19 Machi wapiganaji walifika hata Walikale, kisha mwanzoni mwa Aprili wakaondoka. Hivyo Walikale, iliyopiga kura, nayo ikajua kulala porini. Lakini angalieni tofauti. Wajumbe wa Walikale waliochaguliwa mwaka 2023 wanaye mbadala nyuma yao; hata mmoja akifa, nafasi yake yajazwa kwa barua. Watu wa Walikale waweza kuwa msituni, na kiti chao Kinshasa kina mtu. Masisi haina njia hiyo ya mkato. Kiti chake chahitaji watu wenyewe.

*

Mtu mwenye busara aweza kutuuliza: Je, mkulima aliyepoteza nyumba apata hasara gani zaidi kwa kukosa mjumbe? Katiba, katika kifungu cha 101, yasema kwamba mjumbe wa taifa awakilisha taifa zima, wala hafungwi na amri ya waliomchagua. Basi mjumbe wa Walikale au wa Goma aweza kuisemea Masisi, na baadhi yao wameisemea.

Ni kweli. Lakini tufikiri juu ya kazi yenyewe. Kila mwaka, katika kikao kianzacho tarehe 15 Septemba, Bunge hutazama fedha za serikali: barabara ipi itengenezwe, walimu wa wapi walipwe. Mjumbe aweza kumwita waziri na kumwuliza mbele ya watu wote. Mjumbe wa Walikale ana barabara zake zilizokatika, ana machimbo yake ya Bisie yanayotoa madini ya bati, ana watu wake waliokimbia. Atasema juu ya Masisi akipata nafasi. Ni nani atakayeuliza kila kikao, mpaka achokwe, juu ya Rubaya, ambako koltani imechimbwa miaka mingi na barabara ikabaki tope? Machimbo yale yaliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024. Jirani mwema huleta maji nyumba ya mwenzake ikiungua. Hasimami pale kila asubuhi kuuliza nani aliyeichoma.

Kuna na jambo la jimbo. Wajumbe wa Bunge la Jimbo ndio wawachaguao Maseneta, na wakati wa amani ndio wamchaguao Gavana. Kivu ya Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tarehe 6 Mei 2021, Gavana akawa mwanajeshi. Siku utawala wa kiraia utakaporudi, swali la kwanza litakuwa: ni kina nani waketio katika Bunge la Jimbo? Masisi na Rutshuru zina watu wengi. Jimbo litakalopanga mambo yake pasipo kura mpya za sehemu hizo mbili litakuwa kama familia iliyogawa shamba huku kaka wawili wako safarini.

Tumesikia mashauri ya namna mbili, nasi hatukubali lolote kati ya hayo. Wengine wasema: Fanyeni uchaguzi hima, hata kidogo, hata Kinshasa au Walikale kwa wale waliokimbilia huko, mradi viti vijazwe. Tumekwisha kueleza kwa nini jambo hilo latutia hofu. Wengine wasema: Ngojeni mwaka 2028, muda wa Bunge hili utakapokwisha, yote yafanywe pamoja. Hao hutamka maneno hayo kwa urahisi mno. Miaka mitano ya kungoja ni muda mzima wa mjumbe. Ni sawa na kusema kwamba Masisi ilipitwa, basi. Mapatano yaliyotiwa sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025 kati ya Kongo na Rwanda, na tamko la Doha la tarehe 19 Julai kati ya serikali na M23, yamesema mengi juu ya askari na mipaka na kurudi kwa wakimbizi. Twatamani mahali fulani katika karatasi hizo na zile zitakazofuata liandikwe pia neno la daftari: nani ataandika, mbele ya nani, kwa ushahidi gani, na ni lini baada ya watu kurudi. Maaskofu wa Kongo na wenzao wa Kanisa la Kristo walipokwenda kuonana na pande zote mwanzoni mwa mwaka 2025, walisema kwamba watu wakae pamoja wazungumze. Jambo la kuzungumzwa halikosekani.

Kwa sasa, jamaa za Masisi mlio Walikale, Goma, Bukavu au ng'ambo ya mpaka, yafaa mtunze karatasi zenu. Kadi ya zamani ya uchaguzi, hata iliyochakaa. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Cheti cha ubatizo. Kadi ya shule. Karatasi ya shamba yenye mhuri wa Mwami. Zifungeni katika mfuko wa plastiki zisilowe. Waandikeni majirani zenu wa zamani, majina yao na mahali walipo, maana siku moja mwaweza kuwa mashahidi wao nao wakawa mashahidi wenu, wa kabila lenu na wa kabila lisilo lenu. Na ninyi wanafunzi mwaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko wazee: chukueni daftari la mazoezi, kaeni na babu, mwandike kijiji nyumba kwa nyumba kama kilivyokuwa kabla ya kukimbia.

Yule mtoto wa Masisi aliyekuwa na miaka 13 mwezi wa Desemba 2018, uchaguzi mkuu ujao ukifika kwa wakati wake, mwezi wa Desemba 2028, atakuwa na miaka 23. Huenda atakuwa na mtoto mgongoni.